Kabla ya kununua sumu: panya, nyoka na wageni wengine kwenye parseli za pembezoni mwa Lubumbashi

Mwezi wa nane ukiingia, jua la Lubumbashi linakuwa jekundu mapema kwa sababu ya moshi. Nyasi zinawaka kuelekea Kasenga, zinawaka kuelekea Kipushi, zinawaka nyuma ya Kasapa. Kila kiumbe kilichokuwa kinaishi kwenye nyasi hizo kinahama usiku huohuo, na parseli yako, yaani kiwanja chako, ndiyo inayokuwa njiani: ina kivuli, ina maji ya kuku, ina magunia ya mahindi.

Tulipohamia huku nje ya mji, mwaka wa kwanza nilifanya kama wengi wanavyofanya. Nilinunua pakiti ya sumu isiyo na maandishi kwa kijana mmoja mpita njia. Panya walipungua kwa wiki mbili. Halafu paka wetu akakutwa amelala kando ya pipa la maji, mdomo umejaa povu, na kuku watatu wakamfuata. Haukupita muda panya walirudi, na safari hii paka hayupo. Ninayoandika hapa ndiyo tunayofanya nyumbani tangu wakati ule. Nayaandika kwa mpangilio, maana ukiruka hatua za mwanzo, za mwisho hazitakusaidia.

Hatua ya 1: Jua ni nani anayekuja

Kabla ya kununua chochote, chukua jivu la mbabula (jiko la makaa), lichekeche, ulimwage kidogo sana chini ya mlango wa stoo, kando ya ukuta wa jikoni na mbele ya banda la kuku. Fanya hivyo jua likishazama. Asubuhi, kabla mtoto yeyote hajafagia, inama uangalie.

Panya anaacha vidole vidogo na mara nyingi mstari mwembamba wa mkia katikati. Nyoka anaacha mkokoto mmoja usio na vidole. Kanu, yule mnyama mwenye madoa na mkia mrefu wa pete-pete, anaacha nyayo za mviringo kama za paka, bila alama za kucha. Mbwa wa jirani anaacha kucha mbele ya kila kidole. Hili la mwisho si dogo: mara mbili tumelaumu wanyama wa porini kwa mayai yaliyoibwa, kumbe ni mbwa wa mtaa.

Angalia kuta pia. Panya hapendi kukatiza katikati ya chumba. Anapita palepale kila usiku akijisugua ukutani, mpaka panabaki alama nyeusi yenye mafuta. Ukiipapasa kwa kidole inanata. Fuata alama hiyo mpaka uone inapoishia, kwa sababu hapo pana tundu. Kinyesi nacho kinasema: cha panya mdogo wa nyumbani kinalingana na punje ya mchele au ni kidogo zaidi, cha panya mkubwa kinakaribia mbegu ya maharage kwa urefu.

Hatua ya 2: Waondolee chakula na mlango

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wengi wanapopita haraka. Panya jike anabeba mimba kwa wiki tatu hivi. Yule panya wa shambani aliyejaa Katanga yote anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Ukiua ishirini na ukaacha gunia limefunguka, umewapa nafasi wale waliobaki.

Mahindi, unga na karanga viingie kwenye mapipa ya chuma yenye kifuniko. Kama huna uwezo wa mapipa kwa mavuno yote, panga magunia juu ya mbao zilizoinuliwa, na uache nafasi ya kupita mtu kati ya magunia na ukuta. Panya akikosa pa kujificha nyuma ya gunia, anaonekana, na paka anamfikia. Bukari (ugali) ya mbwa iondolewe kabla ya giza. Chakula cha kuku kilichomwagika kifagiliwe jioni, si asubuhi. Maganda ya mihogo yasikae nyuma ya jikoni.

Halafu ziba. Panya mdogo anapenya tundu la milimita 6, yaani tundu linaloingia penseli. Mkubwa anahitaji milimita 12 tu, kidogo kuliko dole gumba lako. Usizibe kwa udongo au kitambaa, watatafuna usiku mmoja. Sukuma ndani nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha funika kwa sementi. Kwa nyumba nyingi za huku, tundu kubwa kuliko yote liko juu: pale bati lenye mikunjo linapokutana na ukuta panabaki nafasi nyingi za nusu duara. Nunua wavu wa chuma wenye matundu madogo, ukate vipande, uvipigilie huko. Chini ya mlango piga ubao au kipande cha mpira wa gurudumu mpaka kiguse sakafu.

Mke wangu aliniambia nianzie stoo kabla ya nyumba, nami nikaanzia nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Stoo ikiwa wazi, nyumba haifungiki.

Hatua ya 3: Matofali, kichuguu na lile shimo

Lubumbashi tuna vichuguu ambavyo mgeni haamini mpaka avione. Vingine vinapita mita 5 kwenda juu, na udongo wake ndio unaotupa matofali mazuri. Kwa hiyo kila anayejenga anachimba kichuguu, anafyatua, anachoma tanuru, anajenga vyumba viwili, fedha zinaisha. Kinachobaki kwenye parseli ni vitu vitatu: nusu ya kichuguu yenye mapango, shimo linalojaa maji wakati wa mvua, na rundo la matofali yaliyobaki kwa ajili ya "mwaka kesho". Ukimwomba mtu anayewajua nyoka akuchoree nyumba wanayoipenda, atakuchorea hiyo.

Rundo letu lilikuwa hatua sita kutoka dirisha la watoto. Siku tulipolihamisha, tofali kwa tofali, tulikuta maganda mawili ya nyoka. Moja nililinyosha chini likawa refu kuliko mkono wangu wote, jembamba, kavu, likitoa sauti kama karatasi ya pipi. Magamba ya tumboni yalionekana yote, mapana, yamepangana kama bati. Katikati ya rundo palikuwa na kiota cha panya cha nyuzi za magunia. Nyoka hakuwa amefuata watoto. Alifuata panya, na panya alifuata mahindi.

Fanya hivi. Kazi ianze asubuhi ya baridi, mwezi wa sita au wa saba, wakati nyoka ni wazito. Mvae viatu vigumu na suruali nene. Tofali livutwe kwa jembe au fimbo yenye ndoano, mkono usiingie mahali jicho halijafika. Rundo jipya likae mbali na nyumba, juu ya mbao au mawe, kwa namna ambayo unaona chini yake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kuni na makaa vivyo hivyo. Shimo la udongo lifukiwe, na kama utaendelea kuchimba, walau liwekewe uzio, kwa sababu watoto huzama humo pia.

Nyasi zifyekwe kwa mita kadhaa kuzunguka nyumba mpaka udongo uonekane. Kinga ya moto izungushiwe parseli mwezi wa tano au wa sita, wakati nyasi zina ubichi na moto ni mpole, kwa makubaliano na majirani. Ukisubiri mwezi wa tisa, moto wa watu wengine ndio utakaokuja kukufyekea.

Kuna wanaomwaga mazuti (dizeli) au mafuta machafu ya gari kuzunguka nyumba ili kufukuza nyoka. Wengine huweka vitunguu saumu au sabuni yenye harufu kali. Nyoka anavuka vyote hivyo. Mafuta yanaingia ardhini na kufika kwenye kisima chako, basi.

Hatua ya 4: Mitego, na kwa nini siyo sumu

Sasa ndiyo tunatega. Mtego wa chuma wa kubana uwekwe ukigusa ukuta, upande wa chambo ukiangalia ukuta, pale ulipoona alama nyeusi. Panya ni mwoga wa kitu kipya. Usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu weka chambo bila kufungua mtego, ale kwa amani. Usiku wa nne ufungue. Karanga zilizosagwa zinashinda nyama. Kapenta (dagaa) iliyofungwa kwa uzi ni nzuri pia, kwa sababu hawezi kuichukua bila kuvuta. Tega mingi kwa usiku mmoja, kumi kama unayo, kuliko mmoja kwa usiku kumi.

Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Tumia mfuko wa plastiki kama glovu, umzike shimo la kina mbali na kisima. Sheria hiyohiyo kwa kindi au tumbili atakayekutwa amekufa: watoto wasimguse, asiende jikoni. Mpox (ndui ya nyani) ilitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza nchini kwetu Kongo, mwaka 1970, na wanyama wadogo wa msituni, hasa jamii ya panya na kindi, wanatajwa miongoni mwa wanaoibeba.

Kuhusu sumu niseme wazi. Ile ya pakiti isiyo na jina huwezi kujua ni nini, kwa hiyo hata daktari hatajua atibu nini mtoto akiilamba. Ile ya madukani, inayozuia damu kuganda, haiui papo hapo. Panya anatembea siku kadhaa akiwa nayo mwilini, analegea, na anayemkamata kirahisi ni paka, nguchiro au bundi. Unaua walinzi wako.

Na bundi tumwonee huruma. Kwetu akitua juu ya bati, mtu anatafuta jiwe, kwamba ametumwa. Bundi yule mwenye uso mweupe kama moyo anakula panya watatu, wanne kwa usiku, na akiwa na makinda anawinda zaidi. Mwache. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa wa kwanza kutaka apigwe. Siku hizi anauliza kama bado yupo.

Hatua ya 5: Ukikutana na nyoka

Simama. Rudi nyuma polepole, usimgeuzie mgongo ghafla, usimzibie njia ya kutokea. Kama yuko nje, mwache aende huku mtu mmoja akimtazama kutoka mbali. Kama yuko chumbani, toa watu wote, funga mlango wa ndani, ziba chini kwa blanketi, uache wazi mlango wa chumba hicho unaotokea nje kama upo, au umwite mtu mwenye ujuzi. Wapo wanaoumwa kwa sababu tu ya kumfuata nyoka kwa fimbo.

Swila, yule anayetema, anarusha sumu mita 2 na zaidi, na analenga uso. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kisha nenda hospitali. Usipake dawa ya majani, wala mkojo. Kifutu ni mwingine: mnene, mzito, hakimbii. Analala njiani jioni akifanana na majani makavu, na mtu anamkanyaga. Tochi ya kwenda chooni usiku ni dawa kubwa kuliko zote nilizotaja.

Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, watoto hasa, na wasilale chini. Chandarua hakizuii mbu peke yake.

Mtu akiumwa:

Mtoe karibu na nyoka, mlaze, mtulize. Vua pete, bangili, saa na kiatu kabla mguu haujavimba. Funga mguu au mkono kwa vijiti viwili kana kwamba umevunjika, usitikisike. Andika saa aliyoumwa. Mpeleke. Kwa pikipiki, dereva mbele, mgonjwa katikati, na mtu wa kumshika nyuma.

Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana damu. Na jiwe jeusi la kubandika kwenye kidonda, ambalo najua liko ndani ya nyumba nyingi na limetoka kwa watu tunaowaheshimu, liache kabatini. Halivuti sumu. Linaonekana kufaulu kwa sababu mara nyingi nyoka aliyeuma hakuwa na sumu, au aliuma bila kuitoa. Dakika arobaini za kungoja jiwe lidondoke ni dakika arobaini ambazo mgonjwa hakuwa njiani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini, watu kama sisi. Usimtafute nyoka ili umpeleke hospitali. Picha ya simu iliyopigwa kutoka mbali inatosha, nayo ikikosekana si kitu.

Hatua ya 6: Banda la kuku

Kanu, nguchiro, kicheche, wote wana njia moja: upenyo. Banda liinuliwe mita moja juu ya nguzo, kila nguzo ivalishwe bati laini la kuzunguka ili makucha yateleze. Kama banda liko chini, wavu uzikwe sentimita 30, na ncha yake ikunjwe kwenda nje, kwa sababu mnyama anachimba palepale ukuta unapoanza, akikuta wavu anakata tamaa. Matundu ya wavu yasizidi sentimita 2 na nusu. Kuku waingie kabla ya giza. Yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) anawahesabu kwa sauti kila jioni akifunga, na hajapoteza hata mmoja mwaka huu.

Mwewe ni wa mchana. Vifaranga wakae chini ya tenga au kivuli cha migomba mpaka wakue.

Hatua ya 7: Tumbili

Tumbili anajifunza. Sanamu ya nguo kuukuu anaiogopa siku tatu, siku ya nne anakaa begani mwake. Kinachofanya kazi ni mtu na mbwa kuwepo saa zile anazokuja, alfajiri na jioni, hasa wiki mahindi yanapoanza kukaza. Fyeka ukanda mpana kati ya msitu na shamba, hapendi kuvuka mahali pa wazi. Mahindi na mapapai yapandwe karibu na nyumba, pilipili pembeni. Vuna mapema kidogo kuliko ulivyozoea. Wala asilishwe na mtu yeyote, hata ganda la ndizi: tumbili aliyelishwa mara moja anaingia jikoni.

Usimbane kwenye kona, anauma. Kidonda cha meno ya tumbili, mbwa, kanu au popo kioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha uende kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili hautibiki.

Popo darini

Popo wadogo wanakula wadudu, na mimi ningewaachia dari kama si harufu. Ukiamua kuwatoa, fanya hivyo wakati wa baridi. Mvua zikianza wana vichanga visivyoruka, ukiziba vitafia ndani na kuoza. Ona jioni wanapotokea, ziba matundu mengine yote, na juu ya tundu hilo moja ning'iniza kipande cha plastiki kilichoshikwa juu na pembeni, wazi chini. Wanatoka kwa kuteleza, kurudi hawawezi. Baada ya wiki moja ziba kabisa. Kinyesi kilowanishwe maji kabla ya kufagia, na pua ifunikwe. Wale popo wakubwa wanaokuja kwenye maembe na masuku (matunda ya porini) mwanzo wa mvua ni wapita njia. Chuma maembe mapema, yaivie ndani.

Sheria, na wale usiowagusa

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na ile ya uhifadhi wa mazingira ya tarehe 11 Februari 2014 zinalinda aina nyingi. Sokwe na kakakuona hawauawi, hawauzwi, hawafugwi. Kakakuona akiingia kwenye parseli, anatafuta mchwa tu, hana hata meno. Mzuilie mbwa, mpe nafasi, toa taarifa kwa ICCN, taasisi ya serikali ya uhifadhi. Mtoto wa sokwe anayeuzwa barabarani, usimnunue hata kwa huruma, maana fedha yako inalipia risasi ya mama wa mwingine. Hapa Lubumbashi kuna hifadhi ya J.A.C.K. inayopokea sokwe waliookolewa tangu mwaka 2006, na mamlaka ndiyo inayowapeleka huko.

Hatua ya mwisho, ya leo

Chukua kipande cha boksi, andika kwa kalamu nene, ukibandike nyuma ya mlango wa mbele kwa urefu ambao mtoto wa miaka kumi anaona. Namba ya jirani mwenye gari. Namba za madereva wawili wa pikipiki wanaokubali kutoka usiku. Namba ya hospitali, baada ya wewe mwenyewe kwenda kuuliza kama wana dawa ya sumu ya nyoka na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu vituo vingi vya afya vya karibu havina, na ukienda huko kwanza unapoteza saa nzima. Kisha jioni hii, watu wakiwa wamelala, piga namba ya dereva wa kwanza. Kama haipokelewi, tafuta dereva mwingine kesho asubuhi.